Nyongeza au Kiraka? Uhakiki wa Brave New World

Nyongeza ziko za aina mbili. Ipo ya sokoni: umeshalipia fungu lako la nyanya, mama muuzaji anakutupia mbili juu yake, unashukuru unaondoka. Nyanya zile mbili hazikulibadilisha fungu, zimelizidisha tu. Halafu ipo nyongeza ya fundi cherehani. Shati limekubana, unampelekea. Hashoni kitambaa juu ya kitambaa. Anafumua mshono, anatia kipande pale palipobana, anashona upya. Ukilivaa, hata mabega yanakaa vingine.

Swali la uhakiki huu ni dogo: Brave New World, nyongeza ya mchezo wa kompyuta uitwao Civilization V, ni nyanya mbili au ni kazi ya fundi? Nitajibu mapema ili msomaji asinisubiri. Ni kazi ya fundi, na fundi mzuri. Ila ndani ya mfuko huohuo mna kipande kimoja ambacho kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko walivyofikiri waliokishona, na hicho kimenikaa kooni. Tutakifikia.

Najua wapo watakaoguna: jarida la waandishi vijana na michezo ya kompyuta, wapi na wapi? Jamani, tulifundishwa kupima kazi kwa fani na maudhui. Mchezo huu una muundo, una migogoro, una dhamira, una mtu anayeamua nani awe mhusika mkuu na nani awe kichaka nyuma ya jukwaa. Sasa kwa nini tuuache upite bila kuhojiwa, wakati vijana wengi wanaufungua kila usiku kuliko wanavyofungua riwaya?

MCHEZO WENYEWE

Kwa asiyeujua: Civilization ya kwanza ilibuniwa na Sid Meier na mwenzake Bruce Shelley, ikatoka mwaka 1991. Unaanza na walowezi wachache miaka 4000 kabla ya Kristo, unajenga mji, unagundua gurudumu, unapigana, unapatana, na ukijaliwa unafika zama za roketi. Unachezwa kwa zamu. Ukishawaamuru watu wako unabonyeza, wenzako nao wanacheza, zamu inarudi kwako. Hakuna mbio za vidole. Wazee wetu wa bao wangeuelewa mara moja: hushindi kwa wepesi wa mkono, unashinda kwa kuona kete yako italala wapi kabla hujaitoa shimoni.

Na Kiswahili si mgeni humo. Toleo la nne, la mwaka 2005, hufunguka kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Toleo la sita, la mwaka 2016, lina Zanzibar kama mji-dola, na ukiwa mlezi wake unapewa mdalasini na karafuu ambazo huzipati popote pengine. Kwa hiyo tumo. Swali ni tumo namna gani.

Toleo la tano lilitoka Septemba 2010, mbunifu mkuu akiwa Jon Shafer. Lilifanya mapinduzi mawili. Vigae vya ramani viliacha kuwa vya mraba, vikawa vya pembe sita. Na kila kigae kikakaa kikosi kimoja tu cha jeshi. Zamani ulirundika majeshi yako mahali pamoja kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni, halafu unawatuma wote kwa mkupuo. Sasa ikabidi upange: mikuki mbele, mishale nyuma, mlima ubavuni. Siyo siri, vita ikanoga.

Lakini amani ikawa chapwa. Dini, ambayo ilikuwemo katika toleo la nne, ilitupwa. Ujasusi nao ukatupwa. Na ushindi wa utamaduni, ule ambao mimi niliutamani kuliko wote, ulikuwa hivi: unajaza matawi matano ya sera, kisha unajenga mradi mmoja mkubwa, basi. Kwa vitendo maana yake ni miji mitatu, mahekalu, makumbusho, na kubonyeza "zamu inayofuata" mpaka kidole kiote sugu. Utamaduni ulikuwa namba inayojaa kama ndoo chini ya bomba. Majirani zako walikuwa hawakuhusu. Ungeweza kushinda kwa utamaduni bila mtu mmoja wa nje kuusikia utamaduni wenyewe!

Juni 2012 ikaja nyongeza ya kwanza, Gods & Kings, iliyoongozwa na Ed Beach. Ilirudisha dini na ujasusi. Dini ilifanywa vizuri sana, kwani unaanzisha ya kwako na kuchagua imani zake moja moja. Lakini hizo zilikuwa nyanya mbili. Nusu ya kwanza ya mchezo ilichangamka, nusu ya pili ikaendelea kusinzia.

MSHONO ULIOFUMULIWA

Brave New World ilitoka Julai 2013, Ed Beach akiwa kiongozi tena. Jina limeazimwa kwa riwaya ya Aldous Huxley ya mwaka 1932, naye alilichota kwa Shakespeare. Tazama kitu cha kwanza walichofanya. Hawakuongeza. Walinyang'anya.

Kabla yake, vigae vya kando ya mto na vya pwani vilikuwa vinakupa dhahabu bila jasho. Ukikaa mtoni umetajirika. Wakaifuta dhahabu hiyo. Mchezaji wa zamani akaanza mchezo, akatazama hazina yake zamu ya thelathini, akaona ukata. Hapo ndipo nilipojua kuna fundi ndani ya nyumba. Mtu wa viraka hukata kwa woga. Fundi hukata kwanza.

Mahali pa dhahabu ile wakaweka misafara ya biashara, ya nchi kavu na ya baharini. Idadi yake ina kikomo. Kila msafara unauelekeza mji mmoja, nao utakwenda na kurudi kwa zamu thelathini au zaidi kabla hujaweza kuubadilishia njia. Ukiupeleka kwa mgeni, wewe unapata dhahabu nyingi, naye anapata kidogo. Elimu nayo inasafiri: aliye nyuma kwa ugunduzi anaambukizwa na aliye mbele. Dini inapanda ngamia huohuo. Au unaweza kuuelekeza kwa mji wako mwenyewe mchanga, ukaulisha chakula mpaka ukasimama. Na njiani wapo maharamia na washenzi wa porini wanaosubiri.

Ona jinsi jambo moja lilivyogeuza mengine yote. Jirani aliyekuwa windo sasa ni mteja. Ukimtangazia vita, misafara yako kwake inakatika na mfuko wako unalia. Ukitaka vita lazima uhesabu gharama yake sokoni, siyo uwanjani tu. Jangwa lililokuwa takataka likawa njia. Katika uhakiki wa riwaya tunasema tukio limefungamana na msuko pale ambapo ukiling'oa, hadithi inaanguka. Msafara umefungamana hivyo. Jaribu kurudi kucheza toleo la 2010 tupu baada ya hapo, utahisi umeingia nyumba isiyo na milango.

Jambo la pili ni utamaduni. Waligawa kitu kimoja kikawa viwili. Utamaduni wako ni ngao, utalii wako ni mkuki. Unashinda pale ambapo utalii wako, ukijumlishwa kwa zamu zote, umeupita utamaduni ambao kila mpinzani amejikusanyia maisha yake yote. Kila mpinzani, bila kumsaza hata mmoja. Akiwepo mmoja mwenye utamaduni mzito kule ng'ambo, itabidi umfungulie mipaka, umpelekee misafara, umpelekee dini, au umpelekee mizinga. Ndoo imeondoka chini ya bomba. Sasa lazima utoke nje ukabishe hodi.

La tatu, Baraza la Dunia na itikadi. Baraza linapiga kura: kupiga marufuku biashara ya bidhaa fulani, kumwekea mtu vikwazo, kuandaa maonyesho ya dunia. Miji-dola midogo uliyoifadhili inakuongezea kura. Ukijenga viwanda vitatu, au ukifika zama za kisasa, unachagua itikadi moja kati ya tatu: Uhuru, Utaratibu au Udikteta. Ukichagua tofauti na wakubwa wenye utalii mkali, wananchi wako wanaanza kununa, wanaandamana, na mambo yakizidi mji mzima unaweza kuhama upande. Nusu ya pili ya mchezo, ile iliyokuwa inasinzia, ikaamka na kelele.

La nne ndilo nilipendalo. Ukigundua elimu ya akiolojia, ramani inaota alama za mabaki. Mabaki hayo hayatoki hewani. Yapo pale palipopiganwa au palipokuwa na kambi ya washenzi mwanzoni mwa mchezo wako mwenyewe. Unatuma mtaalamu, anachimba, anakwambia hiki ni kifaa cha vita ile baina ya fulani na fulani. Na wewe ulikuwepo! Ulipoteza pale wapiga mishale wawili ukasahau. Mchezo haukusahau. Watu wengi wanaoandika riwaya hawajui kufanya hivyo: kurudisha ukurasa wa 300 kitu kilichodondoka ukurasa wa 12, bila kupiga tarumbeta.

SHAKESPEARE MZALIWA WA ULUNDI

Kwa wasomaji wa jarida hili kuna zawadi maalumu. Nyongeza hii imeleta Waandishi Wakuu, pamoja na wachoraji na wanamuziki wanaofanya kazi kwa mtindo mpya. Mwandishi akizaliwa mjini kwako una njia mbili. Mwandikishe kazi kuu, iwekwe katika jengo lenye nafasi yake na iwe inavuta watalii mpaka mwisho wa mchezo. Au mwambie aandike waraka wa kisiasa, upate utamaduni mwingi mara moja, naye aondoke zake. Nadhani hakuna mhariri wa jarida dogo ambaye hajawahi kumwona kijana akisimama mbele ya njia hizo mbili.

Ila majina ya waandishi yanatoka kwenye chungu kimoja kwa mataifa yote. Unaweza kucheza na Wazulu wa Shaka, nao wameletwa na nyongeza hii, mara Shakespeare akazaliwa Ulundi. Nilicheka. Kisha nikafikiri, kwani ni ajabu gani? Mwaka 1969 Nyerere alitupa Mabepari wa Venisi, na tangu hapo Shylock anadai ratili yake kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa. Mchezo wenyewe una Venisi, iliyoletwa na nyongeza hiihii. Haiwezi kujenga mji mwingine hata mmoja, lakini ina misafara maradufu na ina mfanyabiashara wake maalumu anayeweza kuununua mji-dola mzima. Ikitokea Zanzibar iko kwenye ramani yako, anaweza kuinunua Zanzibar. We acha tu.

Lakini kasoro ipo. Kazi kuu ikishaandikwa ni kitu cha kuhamisha kutoka rafu hadi rafu. Haimgombanishi mtu, haipigwi marufuku, haifungishi mwandishi. Utalii wake ni ule uleule, iwe imeandikwa chini ya Uhuru au Udikteta. Mchezo umejua kwamba fasihi inavuta wageni, haujajua kwamba fasihi inatisha wenyeji.

KUTOFAULU

Fundi naye ana siku zake mbaya. Katika ramani ya ukubwa wa kawaida, kila mji unaouongeza unapandisha gharama ya ugunduzi kwa asilimia 5. Nia ilikuwa kuwazuia wanaotapakaa kama mchwa. Matokeo yake ni kwamba kijiweni kila mtu anacheza namna moja: miji minne, sera za Mapokeo, vyuo, umemaliza. Mchezo wa kuchagua unapokuwa na chaguo moja bora, umejipunja wenyewe.

Pili, kwa kuwa vita sasa ina gharama, wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta wamekuwa wapole mno zama za mwanzo. Na wakipigana bado hawajui kupanga vikosi kwenye vigae vya pembe sita. Wanasukumana kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Nyongeza haikuligusa tatizo hilo ipasavyo.

Tatu, bei. Kwa bei za Marekani siku kila kitu kilipotoka, mchezo ulikuwa dola 50, nyongeza ya kwanza dola 30, ya pili dola 30, kasoro senti. Yaani ulilipa dola 110 ili upate mchezo mmoja uliokamilika, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kununua tena dini na ujasusi vilivyokuwemo zamani. Hapa siwatetei. Mwandishi akikuuzia riwaya isiyo na sura ya katikati, halafu baada ya miaka miwili akakuuzia sura hiyo, uzuri wa sura haufuti tendo.

BARA LINALOCHANGANYWA KAMA KARATA

Sasa kile cha kooni. Nyongeza ina michezo midogo miwili ya kihistoria. Mmoja ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wa pili ni kinyang'anyiro cha Afrika. Una zamu 100 na pande 12 za kuchagua: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Ureno, Italia na Ubelgiji, Misri, Moroko na Waturuki, kisha Ethiopia, Wazulu na Makaburu. Na kila ukianza upya, sehemu ya ndani ya bara inachanganywa kama karata. Leo mlima uko hapa, kesho ni bonde.

Nawaelewa waliobuni. Kila mtu ameshaiona ramani ya Afrika ukutani darasani, kwa hiyo utawezaje kumpa mchezaji hamu ya kugundua? Unachanganya. Kwa ufundi wa mchezo ni jibu la akili. Lakini jiulize hamu hiyo ni ya nani. Ni ya anayeshuka kutoka merikebuni. Hata ukichagua Ethiopia, ambayo mwaka 1896 iliwashinda Waitalia pale Adwa, bara linachanganywa vilevile. Mwenyeji naye anafanywa mgeni kwake.

Na kati ya pande 12 hakuna Usultani wa Zanzibar, hakuna Buganda, hakuna Mirambo wa Unyamwezi. Hakuna Abushiri aliyewasimamia Wajerumani pwani mwaka 1888, wala Mkwawa ambaye watu wake waliliangamiza jeshi la Zelewski pale Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikaa Ulaya wakakubaliana Zanzibar iwe chini ya Uingereza na kisiwa cha Heligoland kiende Ujerumani. Mchezo unakupa kiti katika meza ile. Aliyekuwa akizungumziwa mezani hakupewa kiti.

Hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Wazo bora kuliko yote katika nyongeza hii ni msafara. Na ndani ya bara lile wanaloliita halijulikani, misafara ilikuwepo! Njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji ilikuwa inakanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi kabla mzungu yeyote hajaichora. Tippu Tip alizijua njia hizo mpaka Kongo, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Siipambi biashara ile. Ilibeba pembe za ndovu na ilibeba watu minyororoni. Lakini mahali palipouzwa na kununuliwa, palipoumizwa watu na palipotajwa kwa majina, hapawezi kuwa karatasi nyeupe. Mchezo mkuu unatufundisha kwamba njia za biashara ndizo zinazoipa ardhi maana. Mchezo mdogo, ulio ndani ya mfuko uleule, unaifuta ardhi ambayo njia hizo zilishaipa maana.

HITIMISHO

Basi, je, nyongeza imeuboresha mchezo? Ndiyo, bila kigugumizi. Matoleo ya sita na ya saba, la mwisho likiwa la mwaka 2025, yameshatoka, na bado ukitaka kuona jinsi kazi iliyotoka na kilema inavyoweza kusimamishwa wima, cheza la tano likiwa na Brave New World. Imefaulu kwa sababu haikuuliza "tuongeze nini?" Iliuliza "ni wapi mchezaji anaacha kujali?", kisha ikafumua hapohapo. Kwa sisi tunaoandika, hilo ni somo la bure. Mswada ukikataliwa, usiongeze sura. Tafuta ukurasa ambapo msomaji aliacha kujali.

Lakini kuna kitu ambacho nyongeza peke yake haikifanyi. Inaweza kukuongezea mataifa tisa, misafara, mabaraza na waandishi, huku jicho linalotazama likabaki palepale, juu ya sitaha ya merikebu, linaangalia ufukweni. Jicho halibadilishwi kwa kuongeza. Linabadilishwa na mtu mwingine kushika kalamu.

Civilization V inaruhusu wachezaji kutengeneza ramani na michezo midogo yao wenyewe, na zana zake zipo. Vijana wa kompyuta mpo, waandishi mpo, na wengine mnakaa mtaa mmoja. Anzeni Bagamoyo mwaka 1884, zamu 100, milima ikae mahali pake. Ujiji iwepo tangu zamu ya kwanza, na ijulikane njia. Aliyetoka ng'ambo ndiye aulize.